Fahali Aliyepotea Bonde la Tarash

Waturkana wa kaskazini-magharibi mwa Kenya huanza kusimulia asili yao kwa mnyama aliyepotea. Fahali alitoroka huko kwa Wajie, juu kwenye nyanda za Karamoja nchini Uganda, akateremka magenge kuelekea mashariki mpaka bonde la mto Tarash. Vijana wakatoka kumtafuta. Wakafuata alama za kwato, wakaingia nchi wasiyoijua, na mwisho wakamkuta mzima, pamoja na mwanamke mzee aliyeitwa Nayece, aliyekuwa akiokota matunda ya porini. Bonde lilikuwa na malisho. Vijana wakarudi kwao kuwaeleza wenzao walichokiona, na kundi likashuka na mifugo yake, likakaa, likawa taifa. Kila msimulizi ana namna yake: idadi ya vijana hubadilika, sifa za fahali hubadilika, na Wajie wana upande wao wa habari. Lakini kwato zipo karibu katika kila simulizi, na mlima uitwao Moru Anayece, ambako inasemekana bibi huyo alizikwa, watu wanauonyesha mpaka leo.

Sasa mfikirie katekista anayekwenda Lokiriama, magharibi mwa Lodwar, karibu na mpaka wa Uganda, akiwa na sura ya 15 ya Luka mkononi. Watu waliokaa mbele yake chini ya mgunga wapo pale kwa sababu mnyama mmoja alipotea na mtu akakubali kumfuata. Hahitaji kuwafundisha kwamba mnyama mmoja ana thamani. Hahitaji kuwaeleza kutafuta ni nini, wala furaha ya kuona ukwato mpya mchangani baada ya kutwa nzima ya kuinama. Yote hayo wanayajua, na wanayajua kuliko yeye.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Katika mji kama Nairobi, mfano wa kondoo aliyepotea hupita masikioni kwa ulaini. Watu hutikisa vichwa, kwaya huimba, misa huendelea. Lokiriama mfano huo haupiti hivyo. Mchungaji wa kweli akisikia kwamba mtu aliwaacha kondoo tisini na tisa nyikani akaenda kumtafuta mmoja, atauliza: aliwaachia nani? Fisi walikuwa wapi? Kama eneo lile lina wavamizi, je, mtu huyu ana akili? Luka anasema nyikani, Mathayo anasema milimani, wala hakuna kati yao anayetaja msaidizi.

Wahubiri wengi huliona swali hilo kuwa kikwazo cha kurukwa haraka ili wafike kwenye fundisho. Mimi naona kwamba swali lenyewe ndilo fundisho linapoanza kuota mizizi. Waachie wazee nafasi. Mmoja atasema mtu huyo alikuwa mjinga. Mwingine atasema hapana, hakuna mtu anayechunga peke yake. Lazima alikuwa na ndugu zake, au watoto, au majirani waliokaa na kundi. Kisha katekista awarudishe kwenye maandiko, kwenye lile jambo ambalo wasomaji wa mjini hulipita mbio: mtu huyo aliporudi aliwaita rafiki na majirani wafurahi pamoja naye. Majirani hao walitoka wapi? Mzee akisema kwamba ndio waliobaki wakilinda wale tisini na tisa, amelielezea Kanisa vizuri kuliko kurasa nyingi za katekisimu. Kuna anayekwenda kumfuata aliyepotea, na kuna wanaolinda kundi ili yeye aweze kwenda, na furaha ya kurudi ni yao wote.

Maneno ya Luka hayasemi hivyo waziwazi, nami singependa mhubiri adai kwamba yanasema. Lakini hayakatazi. Mfano wa Yesu ulikusudiwa kufikiriwa na watu wenye ujuzi wao, na wasikilizaji wake wa kwanza, wavuvi na wachungaji na wanawake waliokanda unga, hawakuwa na haja ya kuelezwa chachu ni nini. Ndiyo maana nina jambo moja tu la kusihi: hadithi ya kuhubiria iwe ile ambayo wasikilizaji wanaijua kuliko mhubiri. Iwe hadithi wanayoweza kuisahihisha. Mtu akisahihisha hadithi yako ameshaingia ndani yake, na huko ndani Injili inaweza kumkuta.

Kinyume chake tunakiona kila Jumapili. Vitabu vya mifano ya mahubiri vimejaa treni, meli za zamani, theluji na marais wa Marekani. Mhubiri wa Lodwar husimulia habari za baba mlinzi wa daraja la reli kwa watu ambao hawajawahi kuona reli. Wasikilizaji ni wenye adabu, watasikiliza. Lakini hakuna hata mmoja anayeweza kunyanyuka na kusema, hapana, daraja haliendeshwi hivyo. Wamefanywa watazamaji. Na mtu aliyezoea kuwa mtazamaji wakati wa hadithi atakuwa mtazamaji wakati wa toba pia.

Afrika Mashariki ina watu walioijua njia nyingine na kuifuata kwa miaka mingi. Padre Vincent Donovan, Mspiritani kutoka Marekani aliyefanya kazi kwa Wamaasai wa Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, aliandika katika kitabu chake cha 1978 jinsi mzee mmoja wa Kimaasai alivyomfundisha imani ni nini kwa kumweleza namna simba anavyowinda: kwa macho, pua, masikio, miguu, kwa mwili wote. Kisha mzee akaugeuza mfano. Tulidhani ni sisi tunaomwinda Mungu, alisema kwa maana hiyo, kumbe simba ni Mungu mwenyewe. Padre alikuja kuhubiri, akahubiriwa. Huko Usukumani, mapadre wa Maryknoll Donald Sybertz na Joseph Healey walikusanya methali, nyimbo na hadithi pamoja na wenyeji, na kitabu chao cha 1996 kimewasaidia makatekista wengi kuona kwamba mali waliyoitafuta mbali walikuwa wameikalia. Hapa Turkana, padre wa shirika la kimisionari la Kiltegan, Anthony Barrett, alitunga kamusi ya Kiturkana na kuandika juu ya sadaka na unabii wa watu hawa. Kazi ya namna hiyo inataka mtu akae, anyamaze, asikilize. Haina njia ya mkato.

Nirudi kwenye mifugo, maana bado sijaimaliza.

Yohana 10 inasema mchungaji mwema huwaita kondoo wake kwa majina. Kwa Mturkana hili si jambo la ajabu hata kidogo. Mnyama hujulikana kwa rangi, kwa mabaka, kwa umbo la pembe, kwa mama yake na bibi yake. Jioni mifugo inaporudi, mwenye boma hahitaji kuhesabu ili kujua nani hayupo. Lakini kuna desturi inayokwenda mbali zaidi ya maneno ya Yohana. Mwanamume wa Kiturkana huwa na dume wake mpendwa, ambaye humtungia nyimbo, na katika ngoma huinua mikono kuonyesha pembe zake zilivyopinda. Na kutokana na dume huyo mwanamume mwenyewe hupata jina. Mengi ya majina hayo huanza na Apa. Wenzake watamwita hivyo maisha yake yote, hata mnyama akishakufa. Mchungaji amechukua jina la mnyama wake.

Sijui mahali pengine ambapo habari ya Mungu kufanyika mtu ingeweza kusimuliwa kwa njia ya karibu namna hii. Mungu wa Biblia alikubali kuitwa kwa majina ya watu: Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka, wa Yakobo, wachungaji wote watatu. Alijifunga kwa jina lake kwa viumbe wanaokufa na kupotea. Katekista akilisema hili mbele ya wanaume wenye majina ya Apa, asiongeze maelezo. Amwombe mmoja wao aimbe wimbo wa dume wake. Halafu asome Injili tena, polepole.

Mbuzi nao wanastahili neno, maana wahubiri huwadhulumu. Katika Mathayo 25 mchungaji anawatenga kondoo na mbuzi, na mhubiri asiyefuga hufanya mbuzi kuwa alama ya kila uovu. Mbele ya watu waliovuka ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua iliyokosekana mfululizo, hilo ni kosa kubwa. Ng'ombe walipolala chini na kutoamka, ni mbuzi na ngamia waliostahimili zaidi, na ni maziwa yao yaliyowaweka watoto hai. Mtu hawezi kumdharau mbuzi Turkana na bado akasikilizwa. Na hakuna haja. Mchungaji yeyote atakwambia kwamba kondoo na mbuzi huchungwa pamoja mchana kutwa, katika malisho yaleyale, kwa fimbo ileile, na kutenganishwa ni jambo la jioni. Mpaka jioni ni kundi moja. Mwenye kutenganisha ni mwenye kundi, wala si mbuzi mwenzako. Ukisoma hivyo, hofu ya mfano huo inabaki, tena inazidi, lakini imekaa mahali pake.

Barabara ya kutoka Kitale kuja Lodwar hupita Kapenguria, kwenye baridi na ukungu, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kisha huanza kushuka. Hupita katikati ya milima ya Marich, na joto hupanda kila kona, mpaka Kainuk, ambapo Pokot Magharibi inaishia na Turkana inaanza, na kuendelea uwandani hadi Lodwar, takriban mita 500 tu. Kwa miaka mingi magari yamepita sehemu ya Kainuk yakisindikizwa na polisi wenye bunduki, na si yote yaliyofika salama. Barabara ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko nayo ilishuka kutoka mlimani hadi bonde la joto kali, kupitia makorongo ambako wanyang'anyi walijificha. Luka 10 haihitaji kuhamishwa sana.

Basi tuseme mtu alikuwa akitoka Kitale kwenda Lodwar, akaangukia mikononi mwa wenye silaha karibu na Kainuk. Wakampora, wakamjeruhi, wakamwacha nusu mfu kando ya lami. Likapita gari la padre. Padre alikuwa na misa ya kuwahi. Likapita gari jeupe la shirika la misaada, lenye bendera na redio, ambalo kanuni zake za usalama zinakataza kusimama sehemu ile. Mpaka hapa watu wanacheka kidogo, wanatazamana, wanajua magari yenyewe. Halafu akapita Mpokot.

Nikiwa nawafundisha makatekista, huwaambia wasimame hapo, wasiseme neno. Kimya kitakachofuata ni kizito, kwa sababu Waturkana na Wapokot wamevamiana kwa muda mrefu, na katika mkutano huo yuko mwanamke ambaye mumewe hakurudi kutoka malishoni, na yuko kijana aliyekuwa huko malishoni na anajua yeye mwenyewe alifanya nini. Msamaria wa Luka amekuwa mpole mno katika makanisa yetu. Tumempa majina ya hospitali na vyama vya kusaidiana, tumesahau kwamba walioisikia hadithi hiyo mara ya kwanza hawakutaka hata kulitamka jina la kabila lake. Yule mwanasheria, alipoulizwa ni nani aliyekuwa jirani, alijibu kwamba ni yule aliyemhurumia. Hakusema Msamaria. Mkutano wa Kainuk utajibu vilevile, kwa kuzunguka. Na mhubiri asiwalazimishe walitaje jina kabla hawajawa tayari.

Haki inataka mhubiri wa upande wa pili, huko Kapenguria au Sigor, aisimulie kinyume: aliyeanguka ni Mpokot, na aliyesimamisha punda wake ni Mturkana. Hadithi hii ikisimuliwa upande mmoja tu wa mpaka inageuka kuwa sifa au tusi.

Lakini kuna hadithi ambayo haihitaji kutungwa upya, kwa kuwa ilitendeka. Mwaka 1973 Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja walikutana Lokiriama. Walikuwa wamevamiana na kuuana kwa muda mrefu, wakinyang'anyana ng'ombe, kila uvamizi ukidai kisasi chake. Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin. Nairobi ilikuwa mbali. Hawakuletewa mkataba na serikali yoyote ya kuandika kwa wino. Wazee wenyewe walikaa, wakachinja, wakala pamoja, wakachimba shimo na kuzika silaha ardhini. Mpatano wa Lokiriama unakumbukwa kila mwaka hadi leo, na watu huvuka kutoka Uganda kuja kuuadhimisha mahali palepale.

Tafakari kilichofuata. Amin alipoanguka mwaka 1979, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa na maelfu ya bunduki yakaingia mikononi mwa wafugaji, Wamatheniko wakiwa mstari wa mbele. Hapo ndipo mpatano wa miaka sita tu ungeweza kuvunjika siku moja, maana mwenye bunduki mpya hutafuta mahali pa kuitumia. Kwa sehemu kubwa kati ya jamii hizi mbili haukuvunjika. Mpaka leo, kiangazi kikizidi, Waturkana wa Loima hupanda na mifugo yao kuvuka mpaka, wakaenda kunywesha mpaka bwawa la Kobebe katika wilaya ya Moroto. Tarehe 12 Septemba 2019 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walikutana Moroto kutia saini makubaliano ya amani na maendeleo ya mpaka. Serikali mbili zilikuja kuandika katika karatasi jambo ambalo wazee walikuwa wameshalizika ardhini miaka 46 kabla.

Nimesikia Lokiriama ikihubiriwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya haraka: mhubiri anasoma Waefeso 2, kuhusu ukuta wa uadui uliobomolewa, anataja Lokiriama kama kielelezo, anamaliza kwa Amina. Ni kweli, lakini ni kidogo. Ya pili inakubali kuisimulia habari yote, hata sehemu inayouma. Mpatano ule ulikuwa wa jamii mbili. Haukumhusu Mjie, wala Mdodoth wa Karamoja, wala Mpokot, na bunduki ambazo hazikuelekezwa Moroto ziliendelea kuelekezwa kwingine. Hata kwa upande wa Moroto amani hiyo imejeruhiwa: Machi 2022 wataalamu wa madini na wanajeshi waliokuwa wakiwalinda waliuawa huko, Uganda ikawalaumu wavamizi kutoka Turkana, na Mei 2023 Rais Museveni akatoa amri kwamba Waturkana wenye bunduki wazisalimishe ndani ya miezi sita au waondoke na wasirudi tena na ng'ombe wao.

Mhubiri anayeficha hayo anawadharau wasikilizaji, kwa sababu wao ndio walioyaishi. Naye akiyasema, Lokiriama inakuwa mfano wa Injili kwa nguvu zaidi, kwa kuwa Agano Jipya lenyewe limejaa mapatano yaliyoanza vizuri na kuhitaji kulindwa. Petro alikula pamoja na watu wa mataifa Antiokia, kisha akajitenga waliposhuka watu kutoka Yerusalemu, na Paulo akamkemea mbele ya wote. Meza ile ilikuwa ya kweli, na ilihitaji mtu wa kuitetea. Swali la kuwauliza watu wa Lokiriama basi ni hili: shimo la pili lichimbwe wapi, na nani aalikwe? Nimeona kwamba swali hilo halijibiwi na wazee peke yao. Wanawake hulijibu haraka zaidi, maana ndio waliozika watoto.

Tukija Kakuma, mambo yanabadilika, na mhubiri abadilike nayo. Kambi ya wakimbizi ilianza mwaka 1992 kwa wavulana wa Sudan waliofika kwa miguu baada ya kufukuzwa Ethiopia. Leo pamoja na makazi ya Kalobeyei, yaliyofunguliwa mwaka 2016, inahifadhi zaidi ya watu laki mbili kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Kiswahili cha Kongo na cha Burundi husikika katika makanisa ya mabati kando ya Kiarabu cha Juba na Kidinka. Nje ya kambi wapo Waturkana, wenye nchi, ambao mwaka wa ukame hawana hata kile kidogo ambacho mkimbizi anakipata kwenye mgao. Mwanamke wa Kiturkana hubeba kuni au makaa kutoka mbali, akaingia kambini, akalipwa kwa unga. Naye mkimbizi anayemlipa amepunguza chakula cha watoto wake, hasa miaka hii ambayo mgao umekatwa tena na tena, mpaka watu wakaandamana mwanzoni mwa 2025.

Soma Mathayo 25 mahali hapo. Mkimbizi husikia mstari wa mgeni, akajua ni yeye anayesemwa. Mturkana husikia mstari wa njaa na wa uchi, naye akajua ni yeye. Kila mmoja anakaa upande wa Kristo akingoja kuhudumiwa, na kila mmoja ana haki. Ugumu wa Injili pale ni kumwambia mtu ambaye kwa kweli ni maskini kwamba Kristo pia amesimama upande wa pili wa uzio, na mzigo wa kuni kichwani. Sithubutu kulisema hilo kutoka altareni kwa watu ambao hawajala, ilhali mimi nimekula asubuhi. Katika jumuiya ndogo ndogo, nyumbani kwa mtu, wanaweza kuambiana wenyewe, na wakiambiana wana uzito ambao mimi sina. Hadithi inayofaa ni ile ya kuni na unga, isimuliwe na wote wawili, muuzaji na mnunuzi, wakiwa wamekaa katika chumba kimoja.

Na hapa pana jambo la kihistoria ambalo Kanisa la Turkana lisilione aibu. Wamisionari Wakatoliki wa Kiltegan, kutoka Ireland, waliingia Turkana mwaka 1961 wakati wa njaa kubwa. Eneo hili lilikuwa limefungwa kwa watu wa nje na serikali ya kikoloni, na njaa ndiyo iliyofungua mlango. Prifektura ya Kitume ya Lodwar ikaundwa mwaka 1968, na mwaka 1978 ikawa jimbo chini ya Askofu John Mahon. Maana yake ni kwamba kwa familia nyingi habari ya Yesu ilifika siku moja na mahindi. Wapo wanaosema imani iliyopitia kwenye foleni ya chakula si imani. Yohana 6 inasema umati ulimfuata Yesu kuvuka ziwa kwa sababu walikula wakashiba, naye aliwaambia hivyo usoni. Lakini hakuwafukuza, wala hakujuta kuwalisha. Alianza kuzungumza nao kuhusu mkate mwingine kuanzia ule walioula jana. Mzee anayekumbuka mahindi ya 1961 anayo hadithi ya Injili ambayo mhubiri kijana wa leo hana. Aombwe aisimulie. Aulizwe siku ile alidhani wale Wazungu wanataka nini, na lini alianza kudhani vingine.

Jambo la mwisho ni la mfano mfupi kuliko yote, hazina iliyofichwa shambani, Mathayo 13. Machi 2012 mafuta yaligunduliwa katika kisima kilichoitwa Ngamia 1, kusini mwa Turkana katika bonde la Lokichar, na kampuni ya Tullow. Tangu hapo hakuna njia ya kuusoma mfano huo Turkana bila mtu kuinua mkono. Mtu aliikuta hazina, akaificha tena, akaenda akauza alivyo navyo vyote, akalinunua shamba. Mzee atauliza: shamba lilikuwa la nani? Mwenye shamba aliambiwa kilichokuwa chini? Na katika nchi ambayo malisho ni ya jamii nzima, ni nani aliyekuwa na haki ya kuuza?

Mhubiri asijaribu kulizima swali hilo kwa kusema kwamba mfano ni wa kiroho. Akubali swali lenyewe. Yesu hakumsifu mtu yule kwa kuficha. Aliitazama furaha yake, na kwamba alitoa kila alichokuwa nacho, chake mwenyewe. Kisha mhubiri amrudishie mzee kipimo hicho akitumie. Kati ya wote waliokuja kuitaka hazina ya Lokichar, ni nani aliyeuza chake chote? Na sisi tulio hapa, kwa ajili ya Ufalme, tungetoa mnyama yupi kwanza, na yupi tungemficha nyuma ya boma? Hapo watu wataanza kusema kwa pamoja, kila mmoja akiwa na dume wake akilini. Mjadala ukichukua muda wote wa mahubiri, uachwe uchukue. Maombi ya waamini yatatoka humohumo.